Nyota kwa Mkuu Mstaafu

Watu wakisikia kwamba ninahakiki orodha za kamusi elezo ya mtandaoni, huuliza kwanza nalipwaje. Nikiwaambia silipwi, hunitazama kwa huruma, halafu hubadilisha mazungumzo. Nawaacha. Mchana nasoma prufu kwenye matbaa: kadi za harusi, kalenda, vitabu vya risiti, ratiba za mazishi. Makosa ya watu ndiyo yanayonilisha, na nikipata nafasi naendelea kuyatafuta bure, kwa raha zangu mwenyewe. Kwenye kamusi elezo hakuna anayejua mimi ni nani. Najiita Msumeno. Jina hilo sikupewa na mtu, nilijichagulia, maana sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na sheria za mle ndani nazijua kuliko ninavyojua jikoni kwangu.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kamusi ile huandikwa na yeyote anayejitolea. Mtu akishaandika orodha, iwe ya milima au ya madaraja au ya wafalme, akaona imenoga, huiombea Nyota. Hapo ndipo sisi wahakiki tunapoingia. Tunaikagua mstari kwa mstari, tunaandika hoja zetu kwenye ukurasa wa majadiliano, naye mwandishi anajibu chini ya kila hoja mpaka turidhike. Ikipita, inabandikwa nyota ndogo ya dhahabu pembeni, na siku moja hupewa ukurasa wa mbele, mahali ambapo kila anayefungua kamusi lazima aione. Isipopita, hurudi kimyakimya ilikotoka na hakuna anayeikumbuka.

Adhuhuri moja mashine za matbaa zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya chakula. Nilifungua foleni ya maombi kwenye kompyuta ya ofisi nikiwa bado natafuna. Ombi jipya lilikuwa juu kabisa: Orodha ya Vimbunga vya Ukanda Wetu. Mwombaji alijiita Mkuu Mstaafu, na kwenye ukurasa wake wa utambulisho alikuwa amejieleza kwa kirefu, hakuacha cheo hata kimoja. Alikuwa Mkuu wa Kanda wa idara ya hali ya hewa. Amestaafu kwa heshima. Ana wajukuu. Anapenda bustani.

Nilitema nilichokuwa natafuna kwenye karatasi.

Sikuanza juu kama ninavyoanza siku zote. Nilishuka moja kwa moja mpaka Kimbunga Namba Saba. Zama zile vimbunga vya kwetu havikupewa majina, vilipewa namba tu. Kwenye safu ya maelezo palikuwa pameandikwa hivi: "Vifo viliongezeka kwa kuwa mwangalizi wa zamu alikuwa amelala, na king'ora hakikupigwa kwa wakati."

Mwangalizi wa zamu alikuwa baba yangu.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, lakini pale kitini nilirudi kuwa msichana wa shule anayeitwa "mtoto wa Usingizi". Ndivyo walivyomwita baba mji mzima, Bwana Usingizi. Mama alikuwa mke wa Usingizi. Akienda sokoni, wauza mboga walilaza vichwa kwenye viganja na kukoroma. Baba alifukuzwa kazi, tukahama mji, jina likatufuata na mizigo.

Naye hakulala. Alinisimulia mara moja tu, tulipokuwa tukifunga vyombo kwenye mablanketi ili tuhame. King'ora kilikuwa juu ya paa la kituo, hatua chache kutoka mezani kwake, lakini Mkuu wa Kanda alikuwa ametoa amri kwamba hakuna mwangalizi atakayekigusa bila ruhusa yake kwa simu. Amri hiyo ilikuwa na kisa chake. Siku za nyuma king'ora kilipigwa, kimbunga kikapita mbali, na wageni wakubwa wakatimka kutoka hotelini wakiwa na nguo za kulalia. Mkuu aliaibika mbele yao, akaapa haitatokea tena. Basi alfajiri ile baba aliona mgandamizo wa hewa unaporomoka, akapiga simu nyumbani kwa Mkuu. Mkuu akasema, "Subiri nikupigie." Baba akasubiri. Alimtii mtu yule mpaka kiasi cha kuua watu, na hilo lilimtafuna mpaka mwisho. Alipoamua kukipiga mwenyewe bila ruhusa, maji yalikuwa yameshaingia mitaa ya chini.

Mbele ya tume iliyochunguza vifo vile Mkuu aliapa kwamba hakupigiwa simu na mtu yeyote. Ripoti ya tume aliiandaa yeye, kwani yeye ndiye aliyekuwa katibu. Sasa amestaafu, ana bustani na wajukuu, na anamlaza baba yangu mara ya pili ili apate nyota.

Nilijiandikisha kuwa mhakiki wa kwanza. Kanuni inasema mhakiki asihukumu orodha iliyoandikwa na ndugu yake. Haisemi kitu kuhusu adui.

Mama naishi naye. Miguu yake imechoka, hivyo mimi ndiye ninayemwogesha na kumvika, naye hunilipa kwa kunisimanga. Jioni hiyo nilimkuta kwenye kiti chake karibu na dirisha, anakunja nguo nilizokuwa nimezianua asubuhi.

"Mama, nimempata."

"Nani?"

"Yule. Mkuu."

Alinyoosha mkono wa blauzi juu ya goti lake. "Kafanya nini tena?"

"Kaandika upya kwamba baba alilala. Kwenye kamusi elezo, dunia nzima isome. Halafu anaomba nyota, na atakayempa au kumnyima ni mimi."

"Hayo watu walishayasahau, mwanangu. Ni wewe tu unayeyachokonoa."

"Sitamwacha, mama."

"Najua hutamwacha. Wewe tangu mdogo, mtu akikukanyaga hata kwa bahati mbaya, huli mpaka na wewe umkanyage. Ulimkata nywele binti wa jirani kwa ajili ya rula."

"Aliivunja makusudi."

"Rula!" alisema, akaiweka blauzi juu ya zilizokunjwa. Kisha akaniomba nifunge dirisha, upepo unampiga. Habari za baba mama hakuzizungumza kabisa, na siku zote nilijua ni kwa uchungu.

Kesho yake nilimwonyesha Fundi orodha ile. Fundi ndiye mpiga chapa wetu, mtu wa wino mpaka kwenye nyusi, na ndiye pekee pale kazini anayejua kisa cha baba.

"Sasa dada, kazi ndogo hiyo," alisema. "Ikatae tu. Andika hapana, tule."

"Nikiikataa itarudi kwenye kabati lake. Ataiomba tena mwakani kwa wahakiki wengine, itapita, na baba ataendelea kulala mle."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nataka ipite."

Fundi alinitazama kama aliyesikia nimeolewa. "Umpe nyota? Yule?"

"Orodha ikipata nyota, ukurasa wake wa majadiliano hauguswi tena. Unafungwa kama ulivyo, unabandikwa juu yake daima. Kila hoja yangu na kila jibu lake."

Alichukua muda kidogo kuielewa. Kisha akacheka polepole, akatikisa kichwa. "Dada, mimi nikikukosea siku moja, nipige kofi tu yaishe."

Nikaanza. Ukitaka kumkamata kuku humkimbilii, unamwagia punje. Hoja zangu za kwanza zilikuwa punje tupu. Niliandika kwamba kasi ya upepo mahali pengine imewekwa kwa kilomita na pengine kwa maili. Akajibu siku hiyohiyo: "Imerekebishwa. Ahsante sana mhakiki kwa jicho lako kali." Nikaandika kwamba ramani haielezi rangi nyekundu ina maana gani. "Imerekebishwa." Namba Kumi na Moja imetangulia Namba Kumi. "Imerekebishwa, niwie radhi." Picha ya daraja lililovunjika haina jina la mpiga picha. "Imerekebishwa." Kila jibu lake lilinipa furaha ya pekee. Mtu aliyekuwa akiwasimamisha watu mlangoni mwake, sasa nikimwambia ainame anainama, na anasema ahsante.

Nikiri na hili, maana ni haki yake: ilikuwa orodha nzuri. Vyanzo vimepangwa, takwimu zinakubaliana, maelezo mafupi yasiyo na majivuno. Ningekuwa simjui, ningeisifu. Hilo liliniudhi zaidi. Mtu mwenye uwezo wa kuwa mwangalifu kiasi hicho hawezi kusema alikosea kwa bahati mbaya kwenye mstari mmoja.

Mhakiki wa pili alikuwa mwalimu mmoja tuliyemzoea kwa jina la Nukta. Nukta hana ubaya na kiumbe yeyote. Kitu kinachomkosesha raha duniani ni safu tupu na sentensi isiyofungwa. Alikuwa akipita nyuma yangu akiokota vipande vidogo zaidi, na Mkuu akamrekebishia navyo. Ilifika mahali mzee alikuwa anajibu "Imerekebishwa" kabla hata hatujamaliza kuandika. Aliona sisi ni makarani, na majadiliano ni jikoni ambako mgeni hafiki. Ofisini kwake zamani rasimu zilichanwa zikatupwa, na kilichobaki ni nakala safi yenye muhuri. Kwa mawazo hayo aliishi maisha yake yote, nami sikuona sababu ya kumsomesha.

Tena alikuwa na haraka. Kwenye ombi lake alikuwa ameandika kwamba idara ya hali ya hewa inakaribia jubilei, yeye atakuwa mgeni wa heshima, na uongozi umekubali kuonyesha ukurasa wa mbele wa kamusi kwenye skrini kubwa ukumbini, ikiwa orodha itakuwa imepata nyota siku hiyo. Wajukuu wake alishawaambia. Kwa kiburi cha aina hiyo nilimshukuru Mungu.

Punje zilipokwisha nikaweka mtego. Niliandika: "Kimbunga Namba Saba, safu ya maelezo. Chanzo cha kauli kuhusu mwangalizi ni ripoti uliyoiandaa wewe mwenyewe, kama ulivyojitambulisha. Kanuni hairuhusu mwandishi kujishuhudia. Je, kuna chanzo cha pili?"

Siku hiyo hakujibu, wala iliyofuata. Pale matbaa nilipitisha kadi ya harusi yenye jina la bwana harusi pande zote mbili, na bosi alinifokea mbele ya wateja. Sikumjali. Nilikuwa nafungua ukurasa ule kila nilipokunywa maji. Hatimaye likaja jibu, lakini si ukurasani. Alikuwa ameniandikia faraghani.

"Ndugu Mhakiki, naomba hili tulizungumze pembeni kama watu wazima. Ni mambo ya zamani mno. Tafadhali nipe namba yako, nikupigie."

Nikupigie! Mtu huyu anajua neno hilo lilifanya nini? Kaliandika hivihivi, bila hata kujikwaa. Nilitamani nimpe namba, nimngoje apige, nimtapikie yote niliyobeba, nimtukane mpaka na bustani yake. Badala yake nilijibu kwa mstari mmoja: "Mazungumzo yote hufanyika ukurasani."

Kesho yake aliandika chini ya hoja yangu: "Nimeiondoa kauli hiyo. Imerekebishwa."

Alidhani amepona. Nikamwekea kanuni mezani: "Kauli inayoondolewa wakati wa uhakiki lazima iandikiwe sababu, na sababu ni moja kati ya mbili. Ama ni kweli lakini haina ushahidi, na hapo orodha inarudi kwenye foleni mpaka ushahidi upatikane. Ama si kweli, na hapo tunaendelea. Tafadhali chagua."

Sikuitunga. Kanuni hiyo ipo, imekuwepo miaka mingi, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Ni vile tu hakuna anayesoma kanuni isipokuwa mimi.

Jubilei ilikuwa inakaribia. Nilijua nyumbani kwake kuna suti inayosubiri kupigwa pasi, na wajukuu wanaouliza. Aliandika maneno mawili: "Si kweli."

Niliyasoma nikiwa nimesimama kati ya mashine. Fundi alizima yake, akaja kusoma juu ya bega langu, na wino wake ukanichafua mkono. "Eeh," alisema. "Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Ningeweza kuishia hapo. Nilikuwa natafuta namna ya kuendelea bila kujionyesha, ndipo Nukta akanifanyia kazi yangu bila kujua. Yeye aliona tu kwamba sasa kimbunga kilichoua watu wengi kuliko vyote kina safu tupu, na safu tupu humwasha mwilini. Aliandika: "Kama si kweli kwamba mwangalizi alilala, basi king'ora kilichelewa kwa nini? Tafadhali jaza."

Nadhani mzee alichoka. Au labda aliona ameshaingia mtoni, kulowa zaidi hakuna tofauti. Alijibu kwa lugha ya ofisi, ile isiyokuwa na mtu ndani yake: "Mwangalizi aliomba ruhusa kwa simu. Ruhusa ilichelewa kutolewa."

Nikauliza: "Nani aliyekuwa na mamlaka ya kuitoa?"

"Mkuu wa Kanda."

"Wakati huo Mkuu wa Kanda alikuwa nani?"

Hilo lilichukua siku nzima. Jioni likaja: "Ni mimi. Imerekebishwa."

Imerekebishwa! Kaandika kwa mazoea, kama alivyoandika kuhusu kilomita na maili. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na katikati ya kicheko nikagundua kwamba si kicheko tena.

Ilibaki kazi ya mwisho. Maneno hayo hayakuweza kuingia kwenye orodha yenyewe, kwani bado ni mwandishi anajishuhudia, na mimi nafuata sheria. Kwa hiyo nikapendekeza, Nukta akaafiki na Mkuu kwa haraka zake akakubali, kwamba safu ya Namba Saba isomeke hivi: "Sababu ya kuchelewa kwa king'ora haijathibitishwa na chanzo huru; tazama majadiliano." Neno majadiliano ukilibonyeza linakupeleka pale pale. Kisha nikaandika kura yangu: "Naunga mkono. Orodha bora kabisa. Hongera kwa mwandishi." Nyota ikabandikwa.

Siku ya jubilei sikwenda ukumbini. Sikuwa na mwaliko, na sikuuhitaji. Nukta alikwenda, maana shule yake ilipeleka wanafunzi, naye ndiye aliyenisimulia kwa ujumbe, bila kujua anamsimulia nani. Alisema ukurasa ulionyeshwa, watu wakapiga makofi, na Mkuu akasimama na suti yake akainamisha kichwa. Mshereheshaji, binti mmoja mchangamfu, akawa anapitisha vimbunga kimoja kimoja kwenye skrini. Kwenye safu za mbele walikuwa wamekaa wazee waliotoka mitaa ya chini, waliopoteza ndugu kwenye Namba Saba, walioalikwa kwa heshima ya kumbukumbu. Kwa ajili yao binti akasimama kwenye Namba Saba. Akaona pameandikwa tazama majadiliano. Akabonyeza.

"Ukumbi mzima ulisoma," Nukta aliandika. "Ni mimi, imerekebishwa, kwa herufi kubwa kama mlango. Yeye akasema ni hitilafu ya mtambo. Halafu mama mmoja mzee akatoka kwenye kiti chake, akamfuata, akasimama mbele yake akimtazama tu. Alikaa hivyo muda mrefu. Wajukuu wa Mkuu wakamtoa babu yao kwa mlango wa nyuma. Sijui kwa nini nakuambia, nimeshindwa kula"

Nikamjibu: "Umesahau kufunga sentensi."

Ndiyo, nilifurahi. Sitadanganya. Wako watu wanaosema kisasi ukishakilipa huoni utamu wake, na mimi nawaambia hawakukilipa vizuri. Nilitembea kutoka matbaa mpaka nyumbani kwa miguu, njia nzima nikirudia sentensi zile kwa sauti, na watu wakinipisha. Jua lilikuwa bado lipo. Nilitaka kumpa mama zawadi hii mchana kweupe, uso wake niuone.

Alikuwa kwenye kiti chake. Nikachuchumaa mbele yake na simu mkononi, nikamsomea yote tangu swali la chanzo cha pili mpaka "Ni mimi." Nilisoma taratibu kama ninavyosoma prufu. Alisikiliza macho yakiwa yamefumba.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.

"Kaandika mwenyewe?"

"Kwa mkono wake."

"Hakupigwa? Hakutishwa na mtu?"

"Mama, nani ampige? Kaandika mwenyewe, tena kasema ahsante."

"Kwa hiyo alipiga simu," mama alisema. "Baba yako. Kweli alipiga."

Nilicheka kidogo, nikidhani uzee. "Mama, si alituambia?"

"Alikuambia wewe mara moja. Mimi aliniambia kila mwaka." Alifumbua macho, lakini hakunitazama mimi. "Sikumwamini."

Nilibaki nimechuchumaa vilevile.

"Nilimjua mume wangu," alisema. "Alikuwa mtu wa usingizi kweli. Alilala siku ya harusi yetu, watu bado wanakula. Alilala kazini mara mbili kabla ya hapo, na mimi nikamfichia. Sasa mkubwa mzima anasimama mbele ya tume, anaapa. Nikasema, huyu kalala, anaona haya kusema. Nikamwona mwongo na muuaji, na bado nampikia. Unakumbuka alivyokuwa analala sebuleni?"

"Ulisema ni kwa ajili ya kikohozi."

"Nilisema." Alishika pindo la kanga yake, akalikunja, akalikunjua. "Siku ya mwisho ulikuwa umekwenda duka la dawa. Akaniita. Akaniuliza, 'Mke wangu, hata wewe huniamini?' Yaani sauti haitoki. Nikamwambia, 'Lala, bwana. Si ndiyo kazi unayoiweza?' Akageukia ukutani. Uliporudi na dawa alikuwa ameshakwisha."

Nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania baiskeli. Nilisikia kila neno lao.

"Wewe ndiye mtu pekee aliyemwamini," mama alisema, "nami nilikuwa nakuona mjinga."

Kisha akanigeukia, na macho yake yalikuwa makavu. Nilimwona anaogopa. Ananiogopa mimi, ninayemkata kucha.

"Mwanangu, nakujua, wewe husamehi. Yule umemngoja mpaka kazeeka. Mimi je? Mimi utanifanya nini?"

Saa yake ya kuoga ilikuwa imefika. Nikaenda jikoni nikachemsha maji, nikayachanganya, nikayapima kwa kiwiko. Nikamwinua kwenye kiti, nikampeleka bafuni. Nilimsugua mgongo, nikamwosha nywele, nikamkausha vidole vya miguu kimoja kimoja, nikamvika nguo safi. Muda wote huo alikuwa ananitazama, anangoja niseme neno.

Sikusema.